Racheti ya Meno Madogo

Wanaochagua vifaa vya ufundi ni watu wenye kucha safi. Sijui nani aliipitisha sheria hiyo, lakini nimelala chini ya magari miaka thelathini na moja na sijaiona ikivunjwa. Anayeshika spana haulizwi. Anayeulizwa ni yule ambaye akidondosha kalamu anaita mtu aje amwokotee.

Mkuu wa karakana yetu tunamwita Tai, kwa sababu hiyo nguo ya shingoni haimtoki hata siku tunayoshusha injini. Karakana ni ya manispaa. Tunatengeneza malori ya taka, gari la maji, magari mawili ya wagonjwa, na pikapu za wakubwa, ambazo siku zote huingia mwisho na kutoka kwanza. Mimi niko upande wa injini na wananiita Mzee Grisi. Jina hilo nimelipata kihalali. Kifaa kipya hakianzi kazi mkononi mwangu kabla sijakifungua, nikakishindilia grisi ya beringi mpaka ikatokeza pembeni, nikakifunga, nikakifuta. Fundi aliyenifunza kazi, mtu asiyekuwa na cheti cha chochote, alikuwa akisema chuma kikavu ni chuma kinachokufa. Nimeona wakuu wanane wakija na kuondoka. Grisi imebaki.

Basi siku moja Tai akabandika tangazo mlangoni. Kuanzia mwezi unaofuata vifaa binafsi viondolewe karakanani, kila fundi atumie vifaa vya manispaa, na vifaa vyenyewe vitachaguliwa "kwa ulinganisho wa kitaalamu". Niliyasoma maneno hayo mara mbili, maana mimi na shule tuliachana mapema, nikadhani labda nimekosea. Sikukosea.

Nilikuwa na racheti yangu. Kwa asiyejua, racheti ni kile kishikio cha kuzungushia soketi, kikombe cha chuma kinachovaa kichwa cha bolti. Ukivuta inafungua bolti, ukirudisha inalia krr-krr-krr bila kuiachia. Ndani yake kuna gurudumu la meno, na kiulimi kidogo kinachoangukia jino baada ya jino. Yangu ilikuwa na meno ishirini na manne, makubwa kama punje za mahindi, na jina la kiwanda lilikuwa limeshafutwa na viganja vyangu. Mke wangu ndiye aliyeninunulia, mwaka tulipopata mtoto wa kwanza, baada ya kuchoka kuniona narudi nyumbani na vifaa vya kuazima. Sasa ni marehemu, huu mwaka wa tatu. Nikaifunga racheti kwenye kitambaa, nikaipeleka nyumbani, nikaiweka dirishani karibu na miwani yake. Chumba kizima kikanuka karakana. Angekuwepo angenitoa nje mimi na racheti yangu.

Siku ya ulinganisho walitandika kitambaa cheupe juu ya benchi. Cheupe, karakanani! Tai alikuwa na fomu yenye safu za kujaza alama: mwonekano, uzito, mshiko, rangi.

"Mkuu," alisema Chumvi, fundi mwenzangu wa upande wa injini, ambaye mdomo wake hauna breki, "tunachagua racheti au tunachagua mchumba?"

Watu wakacheka. Tai hakucheka, akaandika kitu.

Racheti zilikuwa za kampuni tatu. Nyota Mbili ilikuwa na mpini mwekundu wa mpira, unang'aa kama pipi. Almasi ilikuwa nzito kiasi kwamba ukimrushia mtu unakwenda jela. Na Duma, nyembamba, haina rangi yoyote, kichwa kidogo, meno sabini na mawili. Bolti ya kujaribia ilikuwa imebanwa kwenye vaisi, lile koleo la benchi, mpya, imepakwa mafuta kama mtoto anayepelekwa kwa bibi yake.

"Bolti hiyo inazunguka hata ukiisemesha," nikasema. "Mkuu, twende kwenye lori namba nne, bolti ya juu ya starta. Pale racheti ina nafasi ya kusogea upana wa kidole tu. Itakayofungua pale ndiyo racheti. Nyingine ni mapambo."

"Mzee Grisi, tuna ratiba."

"Hata taka zina ratiba, mkuu. Zinanuka kwa wakati."

"Mzee!"

Nikarudi nyuma hatua moja. Mwenye nguvu mpishe.

Aliyesogea ni Mama Stoo. Huyu ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, tumbo moja. Anatunza stoo kwa mkataba wa mwaka mwaka, na kazi ya kuandika pendekezo la ununuzi ilikuwa yake. Tangu wampe funguo na kiti kwenye vikao, mimi nilikuwa nimemhesabu upande wao. Salamu zilikuwepo, za kutoka juu ya meno.

Alichukua racheti zote tatu, akatembea na viatu vyake vya ofisini mpaka kwenye lori namba nne, akakunja mkono wa blauzi, akaupenyeza nyuma ya gurudumu la mbele. Tukasikia chuma kikigonga chuma. Nyota Mbili ikatoka. Almasi ikatoka. Halafu tukasikia krr, kimya, krr, kimya, krr. Aliporudi mkono ulikuwa mweusi mpaka kwenye kiwiko.

"Hii inaingia," akasema, akaiweka Duma juu ya kitambaa cheupe, ikaacha alama. "Hizo mbili zinagonga ukuta kabla hazijashika jino la pili. Naandika Duma."

Tai alikuwa ameshajaza alama za Nyota Mbili. Ila watu walikuwa wameona, na yeye ni mtu anayeogopa watu walioona. Akakubali huku amekunja uso.

Ningepaswa kufurahi. Sikufurahi. Nilikasirika kwamba shemeji amefanya jambo langu, nilipokatazwa mimi yeye akaachwa. Ndivyo ilivyo. Neno moja likitoka kwangu ni ubishi, likitoka kwa mwenye funguo ni utaalamu.

Duma zikaja kumi. Sita upande wa injini, nne upande wa matairi na breki. Kila moja kwenye kiboksi chake, na ndani karatasi iliyokunjwa yenye maandishi ya lugha za watu na michoro. Mama Stoo alinipa zangu dirishani.

"Soma na hiyo karatasi, shemeji."

"Nilikuwa nafungua racheti wewe ukiwa bado unafungwa kamba za viatu," nikamjibu.

Nikazipeleka kwenye benchi langu na kuzifungua zote sita. Kavu! Kitone cha mafuta tu, kama machozi ya mnafiki. Nikawaonyesha wenzangu: tazameni, hata grisi wamebania. Nikazishindilia moja baada ya nyingine mpaka ikatokeza, nikazifunga, nikazifuta. Asubuhi ile nilijisikia mtu.

Siku ya tatu racheti moja iliteleza mkononi mwangu. Nilikuwa naivuta kwa nguvu, mara ikaachia, krak, kiganja kikapiga fremu ya lori. Nikatukana. Siku ya sita ikateleza nyingine, nikatukana zaidi, safari hii kwa majina na vyeo. Siku ya tisa ilikuwa zamu ya Chumvi. Alikuwa chini ya gari la maji, saa mbili na nusu asubuhi, anavuta bolti ya ganda la klachi kwa mikono miwili. Tulisikia ule mlio, halafu hatukusikia mzaha wowote, na hapo ndipo tulipojua ameumia. Vidole viwili vya mkono wa kulia, vimevunjika. Anakunja ngumi mpaka leo kama mtu anayeshika kikombe.

"Nilisema!" nilipiga kelele karakana nzima. "Wanakaa kwenye viti wanachagua vyuma, vidole vinavunjika vya nani? Vya nani?"

Mama Stoo alikuwa amesimama kwenye mlango wa stoo. Nilihakikisha ananisikia.

Tai aliniita ofisini siku hiyo hiyo.

"Kaa, mzee."

Kiti chake cha wageni kina mguu mmoja mfupi. Amezungukwa na mafundi kumi na wanne, na kiti chayumba mwaka wa tano. Nikakaa kwa tahadhari.

Alinisogezea karatasi. Juu iliandikwa Taarifa ya Hitilafu ya Kifaa. Chini kulikuwa na nafasi ya maelezo, na chini zaidi visanduku viwili vya kutia alama. Kimoja kiliandikwa Kosa la Mtengenezaji. Cha pili, Kosa la Mpendekezaji.

"Wewe ndiye fundi wa siku nyingi," akasema. "Neno lako lina uzito."

Miaka mitano sijawahi kuambiwa neno langu lina uzito. Nikajua kuna kitu.

"Andika kwamba Duma ni mbovu, tia alama vyote viwili, weka sahihi. Mkataba wa stoo unakwisha mwezi huu. Nikiwa na karatasi yako, sitaurudia. Tutaleta mtu mwingine na tutanunua Nyota Mbili kama nilivyotaka tangu mwanzo. Na nadhani," akashika tai yake, "tunaweza kulegeza kidogo lile tangazo. Fundi mkongwe anaweza kurudi na racheti yake."

Dirisha la ofisi yake linatazama uwanja tunakoegesha magari ya wagonjwa. Namba mbili lilikuwa pale. Kila nikikaa kwenye kiti kile naliona, na kila nikiliona moyo wangu unachacha. Mke wangu alikuwa na kifua. Asubuhi ile pumzi ilipombana, namba moja lilikuwa mbali, na namba mbili lilikuwa hapa hapa, juu ya mawe, siku ya tisa, linasubiri pampu ya mafuta. Pampu ilikuwa inasubiri sahihi. Sahihi ilikuwa semina. Tulimpeleka kwa gari la kubebea mbao, mimi nimemshikilia nyuma, shemeji ametangulia hospitali kuwasubirisha madaktari mlangoni. Tulifika. Yeye hakufika.

Tangu hapo nimemchukia kila mtu mwenye kalamu. Sifichi. Na shemeji naye sasa alikuwa na kalamu, na vidole vya Chumvi vilikuwa vimevunjika, na Duma zilikuwa mbovu, nilikuwa nimeziona kwa macho yangu zikiachia. Mbona ni rahisi?

"Nitaileta leo," nikasema.

Ila nina tabia moja ambayo hata hasira haijaiondoa. Sijawahi kuandika ugonjwa wa mashine ambayo sijaifungua. Saa ya chakula wenzangu walipotoka, nikaibana kwenye vaisi racheti iliyomvunja Chumvi, nikaondoa skrubu mbili, nikanyanyua kifuniko. Nilitaka kuliona jino lililovunjika. Nilikuwa nimeshapanga sentensi: meno ya chuma laini, ya watu wasiojali.

Hakukuwa na jino lililovunjika. Hakukuwa na kitu kilichoonekana. Kulikuwa na grisi. Ya kahawia, nzito, yangu. Niliichimba kwa bisibisi nyembamba kama mtu anayetoa ugali ulioganda chunguni. Chini yake nikakuta meno sabini na mawili mazima, membamba kama ya kitana, na kiulimi kimekaa nusu, hakikuanguka. Kilikuwa kimening'inia kwenye grisi. Springi iliyokuwa inakisukuma ilikuwa nyembamba kama unywele.

Nilikaa juu ya ndoo.

Halafu nikasimama, maana nilitaka sana niwe nimekosea. Nikaiosha kwa dizeli, nikaikausha, nikatia tone moja la mafuta mepesi, nikaifunga. Nikaipeleka kwenye ekseli ya lori namba nne, bolti ambayo haijafunguliwa tangu lori lizaliwe, nikachomeka na bomba kwenye mpini, nikaning'inia kwa uzito wangu wote. Ikashika. Bolti ikalia, ikafunguka. Nikaifungua tena racheti, nikaishindilia grisi kama kawaida yangu, kutoka kopo linalolala kwenye saruji baridi, nikairudisha kwenye bolti ya pili. Ikashika, ikashika, ya tatu krak! Bega langu lilipiga tairi. Nikaosha. Ikashika. Nikashindilia. Krak.

Ndipo nikakumbuka mambo niliyokuwa nayaona bila kuyatazama. Zote zilizoteleza ziliteleza asubuhi, grisi ikiwa bado ngumu kwa baridi. Na zile nne za upande wa matairi, ambazo sikuzigusa, hazikuwahi kuteleza hata mara moja. Racheti yangu ya zamani ilikuwa na meno ya ng'ombe na springi ya kitanda. Ingekula grisi, mchanga na mawe. Hii nyingine ilikuwa na kinywa cha mtoto, na mimi nilimlisha kama ng'ombe.

Nilikwenda stoo. Dirisha lake lina wavu wa chuma na kishimo cha kupitishia vitu. Alikuwa anakula mkate peke yake, daftari limefungwa mbele yake.

"Umekuja kunionyesha ulichoandika?" akauliza. "Andika tu, shemeji. Habari za fomu zimenifikia, nimeshaanza kupanga vitu vyangu."

"Ile karatasi. Iliyokuja na racheti."

"Ipi?"

"Yenye michoro."

Akageuka. Ilikuwa ukutani nyuma yake, imebandikwa kwa utepe, kila siku nikija kuchukua vitu ilikuwa pale juu ya kichwa chake. Mchoro wa kwanza, chupa yenye mdomo mwembamba na matone mawili. Mchoro wa pili, kopo la grisi limepigwa mstari mkubwa mwekundu wa kukata. Wala haihitaji shule. Haihitaji hata macho mawili.

"Yako nilikupa mkononi," akasema. "Chumvi aliniambia uliifutia mikono."

Kweli. Niliifutia mikono. Niliikumbuka hata jinsi ilivyokuwa ngumu, haifyonzi vizuri, nikalaumu hata karatasi yao.

"Umefungua?" akauliza polepole.

"Nimefungua."

"Grisi?"

Nikamwonyesha kucha zangu. Aliweka mkate chini. Nilitegemea acheke, ningemwelewa. Hakucheka.

"Unajua kwa nini niliandika Duma?" akasema. "Miaka kumi na minane nimekula kwenu kila Jumapili. Miaka kumi na minane nasikia habari za nafasi ya upana wa kidole. Dada ananipakulia, wewe unanipimia kwa kijiko juu ya meza: shemeji, racheti inaweza kusogea hivi tu, hivi tu! Nikapewa kalamu mara moja katika maisha yangu, nikasema, basi huyu mzee apate racheti inayoingia. Nikaharibu blauzi. Wewe hata asante hukusema, ukanisalimia kama karani wa kodi."

"Ulikuwa upande wao."

"Upande wao! Mkataba wangu unasainiwa na nani, na mimi? Nyani haoni kundule, shemeji. Dada alikuwa anasema wewe ukijikwaa unamtukana aliyetengeneza barabara, hata kama umejikwaa kwenye kitanda chako."

"Alisema hivyo?"

"Mbele yako. Ulikuwa unaongea."

Nikasimama pale na fomu mfukoni. Nilitaka kumwambia kitu kuhusu gari la mbao na jinsi alivyosimama mlangoni hospitali, lakini mdomo wangu haujazoea kazi hiyo. Nikasema, "Nipe dizeli lita moja na chupa ya mafuta mepesi. Nina racheti tano za kuosha."

"Saini hapa," akasema.

Kabla ya Tai nilipitia kwa Chumvi. Alikuwa amerudi kutoka hospitali, amekaa kwenye benchi nje ya geti, mkono umefungwa bandeji kubwa, anasubiri mdogo wake aje amchukue. Nikamwambia nikiwa nimesimama. Nilidhani ni bora nikiwa nimesimama, akitaka kunipiga teke asihangaike.

Alinyamaza. Chumvi, kunyamaza!

"Kwa hiyo," akasema hatimaye, "vidole vyangu havikuliwa na serikali."

"La."

"Vimeliwa na Mzee Grisi."

"Ndiyo."

"Na asubuhi ulivyopiga kelele vile, mishipa ya shingo imekutoka, nikasema angalau nina mtu wa kunitetea." Akatema mate pembeni. "Ondoka mbele yangu, mzee. Leo ondoka. Kesho uje nyumbani unifulie nguo, maana mke wangu kasafiri na mimi sina mkono."

Nilikwenda kesho yake, na keshokutwa, na wiki nne zilizofuata. Anavaa nguo nyingi kuliko mke wa waziri.

Tai alikuwa anajiandaa kuondoka. Nilikuwa nimeijaza nafasi ya maelezo kwa mkono wangu, mwandiko wa mtu aliyeacha shule akiwa hajamaliza kujifunza mistari. Akasoma. Akasoma tena.

"Hii nini?"

"Maelezo."

"Umeandika hapa, 'Grisi ni yangu. Racheti ni nzima. Fundi hakusoma mchoro.'"

"Ndivyo nilivyokuta ndani."

"Mzee Grisi." Alivua miwani. "Unaelewa nilichokuambia asubuhi?"

"Nilielewa."

"Na kwenye visanduku hujatia alama."

"Hakuna changu pale, mkuu. Kuna cha mtengenezaji na cha mpendekezaji. Cha aliyeshika kifaa hakipo. Sijui aliyechapisha fomu hii alikuwa nani, nadhani hakutegemea fundi ataulizwa."

"Siwezi kupokea fomu isiyo na alama."

Hapo nilichoka. Sijui kuna uchovu gani duniani kama wa kutaka kukubali kosa ukakuta hakuna mahali pa kuliweka. Nikachukua rula juu ya meza yake, na kalamu yake, ile ya kusainia, nikachora kisanduku cha tatu chini ya vile viwili. Kilitoka kimepinda kidogo, kiti kiliyumba. Pembeni nikaandika Kosa la Mtumiaji. Ndani nikatia alama. Nikaweka sahihi.

"Racheti ziko kwenye benchi," nikasema. "Tano zimeoshwa, moja ina grisi bado. Ukitaka nitakuonyesha, mbele ya watu wote, kwenye lori namba nne. Mimi sitamani, lakini nitafanya."

Tai aliangalia dirishani. Nadhani alikuwa anawahesabu watu ambao wangeona.

"Utapata barua ya onyo," akasema.

"Itume mapema. Barua za hapa huchelewa."

Ilichelewa. Ilifika baada ya wiki mbili na nusu. Inasema siruhusiwi kufungua kifaa chochote cha manispaa bila idhini ya maandishi, na kwamba grisi yote ya upande wa injini itahifadhiwa stoo chini ya kufuli. Mkataba wa Mama Stoo nao ukasainiwa, siku sita baada ya ule wa zamani kwisha, kwa sababu mwenye kalamu alikuwa semina. Siku hizo sita alikuja kazini bila kujua kama ana kazi, akafungua stoo kila siku saa moja na nusu. Ningekuwa na cheo ningemwajiri mtu kama huyo na kumfukuza mwenye semina, lakini nani ananiuliza.

Racheti yangu bado iko dirishani. Tangazo halikulegezwa.

Nikihitaji grisi ya beringi sasa napanga foleni kwenye wavu, kama wengine, na kopo langu tupu. Mzee wa miaka thelathini na moja kazini, anapimiwa grisi kwa kijiko! Shemeji anafungua kufuli, anachota, anaangalia saa, ananigeuzia daftari nisaini. Jana aliongeza kichupa cha mafuta mepesi bila mimi kuomba.

"Ya racheti," akasema. "Matone mawili, shemeji."

"Najua."

"Si matatu."

"Nimesema najua."

"Sema mangapi."

Foleni nzima nyuma yangu ilikuwa inasikiliza, na Chumvi, mkono wake wa kikombe umeegemea ukuta, alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Mawili," nikasema.